Uje lini Nyanda za Juu Kusini? Taja kwanza unachotaka kuona

Ifikapo Aprili, watu wa Mbeya, Iringa na Njombe huanza kuulizwa swali moja na ndugu zao walioko Dar es Salaam na marafiki walioko ng'ambo: nije lini? Jibu lililozoeleka ni fupi: njoo kati ya Juni na Oktoba, kiangazi. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini linamfaa zaidi mtu anayefuata wanyama. Tatizo ni kwamba limetandazwa nchi nzima kana kwamba Tanzania ina hali ya hewa moja. Mtu akilifuata akapanda uwanda wa Kitulo mwezi Agosti kutafuta maua, atakuta nyasi zilizokauka na upepo wa kukata masikio. Akilifuata akashuka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mwezi Julai akitarajia ziwa limelala, atakuta mawimbi.

Kwa hiyo mimi humjibu mgeni kwa kumuuliza: unakuja kuona nini? Akishalitaja hilo, mwezi unajitokeza wenyewe. Sababu ziko kwenye namna mvua zinavyoingia huku kwetu na kwenye mwinuko wa ardhi, na yote mawili yanastahili kuelezwa taratibu, maana ndiyo yanayowachanganya hata Watanzania wenzetu.

Kusini tuna mvua moja

Aliyekulia Dar, Tanga, Moshi au Arusha amezoea mvua mbili: vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei. Katikati hapo, Januari na Februari, kunakuwa na ukavu na joto. Nyanda za Juu Kusini hazina mpangilio huo. Huku mvua huanza Novemba au mwanzoni mwa Desemba, ikaendelea hadi Aprili, mahali pengine hadi Mei. Baada ya hapo ni ukavu mpaka mwaka unapokaribia kwisha. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huziita mvua hizi "mvua za Msimu" na huzitolea utabiri wake, mbali na ule wa vuli na ule wa masika.

Tofauti hii inatokana na safari ya jua. Kuna ukanda unaoizunguka dunia karibu na ikweta ambako pepo za kaskazini na za kusini hukutana, hewa ikapanda juu, ikapoa, ikafanya mawingu na mvua. Ukanda huo hulifuata jua kwa kuchelewa kidogo. Jua likielekea kusini mwishoni mwa mwaka, nao unashuka. Likirudi kaskazini, nao unapanda. Sehemu zilizo karibu na ikweta hupitiwa mara mbili, na kati ya kupita huko kuna miezi ya kupumzika. Sisi tuko kati ya nyuzi 7 na 10 kusini mwa ikweta, karibu zaidi na pale ukanda unapogeukia. Ukitupita kwenda kusini haukawii kurudi, na mvua za kwenda zinashikana na mvua za kurudi. Kuna miaka ambapo Februari hukatika siku kadhaa, wakulima wa mahindi wakaingiwa na hofu, kisha mvua ikaendelea. Huo ndio mwanya uliobaki kati ya vipindi viwili vilivyoungana.

Maana yake kwa msafiri ni kubwa. Mtu wa Dar anayepanga kuja Januari kwa kuwa Januari kwake ni kavu, anakuja katikati ya mvua. Na anayeikwepa Oktoba kwa kuogopa vuli, anaukosa mwezi ambao huku kwa kawaida hauna hata wingu.

Jua linawaka, na bado unatetemeka

Mgeni akisikia nchi ya jua anafikiria joto. Nyanda za Juu Kusini hayo mawili hayaendi pamoja. Juni na Julai ni miezi yenye anga safi sana, na ndiyo miezi ya baridi kali. Wakati huo jua limeegemea kaskazini, linapita chini kidogo angani, mchana umepungua, na upepo wa kusi unaleta hewa ya ubaridi kutoka kusini. Juu ya hayo, mawingu yanayofanya kazi ya blanketi usiku hayapo, hivyo joto lote ambalo ardhi ililikusanya mchana linapaa na kupotea. Mbeya mjini, ulio kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai mara nyingi joto hushuka chini ya nyuzi 10. Njombe iko juu zaidi. Makete na Kitulo ni habari nyingine kabisa.

Ukiamka alfajiri huko Makete mwezi Julai utakuta nyasi zimekuwa nyeupe. Hiyo ni sakitu, umande ulioganda. Ukiikanyaga unaisikia ikivunjika chini ya kiatu. Shamba la viazi lililopigwa na sakitu usiku linaonekana zima asubuhi na mapema, kisha jua likishapanda majani yanalegea na kuwa meusi. Mchana huohuo, kwenye saa tano, watu wamevua makoti na mgeni ameanza kuungua pua, kwa sababu mionzi ya jua inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Kofia na sweta vinatakiwa siku moja.

Nataka kusisitiza jambo moja hapa, kwa kuwa linaua watu. Katika miezi hiyo wageni wasiozoea baridi huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na aliyelala haamki. Omba mablanketi zaidi hata kama unaona aibu. Jiko libaki nje.

Joto letu linakuja Oktoba. Katikati ya mwezi huo jua la saa sita linakuwa utosini mwa Mbeya, na mawingu ya mvua bado hayajafika kulikinga. Jua hupita tena utosini mwishoni mwa Februari, ila wakati huo anga limefunikwa na ardhi imelowa, kwa hiyo hatulisikii vile. Hata hivyo joto la Oktoba la Mbeya au Iringa mtu wa Dar atalifurahia, maana jioni hewa inapoa na unalala bila feni.

Mwinuko unabadilisha mambo kuliko mwezi

Kwa wastani joto hupungua kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ufukwe wa Ziwa Nyasa pale Matema uko chini ya mita 500. Uwanda wa Kitulo uko mita 2,600 na zaidi. Tofauti hiyo ni ya nyuzi 13 au 14, siku moja, mwezi mmoja, na ukiinua macho ukiwa ufukweni unaweza kuitazama milima ya Livingstone inayobeba uwanda huo. Ndiyo maana kusema "Julai Mbeya ni baridi" hakumsaidii anayekwenda Kyela, ambako Julai ndiyo hali ya hewa iliyo nzuri kwa mwili: joto la wastani, usiku wa kulala na shuka moja.

Kyela na Tukuyu zina jambo jingine linalowashangaza wengi. Upepo wa kusi, ule unaoleta ukavu Iringa, ukifika huko unaleta mvua. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 kutoka kusini kwenda kaskazini, na upepo huo hulipitia lote ukibeba unyevu. Ukifika mwisho wa ziwa unakutana na ukuta wa milima: Livingstone upande mmoja, Rungwe na Poroto mbele. Hewa inalazimika kupanda, inapoa, inamwaga maji. Matokeo yake ni kwamba Aprili na Mei, wakati Iringa wanaanza kuanika mahindi, Kyela na Rungwe bado kunanyesha kwa nguvu, na bonde la Kyela hufurika. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Iringa mjini ni kama 600 hadi 700. Huwezi kuziandikia sehemu hizo mbili ushauri mmoja. Tukuyu manyunyu yanaweza kukukuta hata Juni, na ndiyo yanayoiweka ile migomba na chai katika kijani kile mwaka mzima.

Kusi hilohilo ndilo linalochafua ziwa kuanzia Mei hadi Agosti. Anayetaka Matema yenye maji tulivu, na anayetaka kupanda mtumbwi kwenda Ikombe kuona wanawake wa Kikisi wakifinyanga vyungu, aje Septemba hadi Novemba. Mwishoni mwa kipindi hicho maembe ya Kyela yanaanza kuiva, na hilo peke yake ni sababu ya kutosha. Chandarua na tahadhari ya malaria ni lazima huko mwezi wowote.

Ruaha na Kitulo haziendi pamoja

Hapa ndipo mpango wa wageni wengi unapovunjika. Vivutio vikubwa viwili vya kusini vinataka misimu iliyo kinyume.

Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mwendo wa kilomita 130 hivi kutoka Iringa mjini, ni nchi kavu. Mvua yake ni kama milimita 500 kwa mwaka. Mvua ikinyesha, maji yanapatikana kila bonde na kila dimbwi, na wanyama hawana haja ya kukusanyika. Wanatawanyika kwenye eneo la karibu kilomita za mraba 20,000 lenye nyasi ndefu kuliko mgongo wa simba. Barabara za udongo mweusi zinameza magurudumu, na baadhi ya kambi hufungwa kuanzia Machi hadi Mei. Kiangazi kinabadilisha kila kitu. Kuanzia Julai madimbwi yanakauka moja baada ya jingine, na kadiri yanavyokauka ndivyo tembo, nyati, twiga na pundamilia wanavyosogea kwenye mito, na simba wakiwafuata. Septemba na Oktoba ndicho kilele.

Nenda kwenye mto wa mchanga wa Mwagusi wakati huo. Juu hakuna tone la maji. Tembo anasimama mchangani, anachimba kwa mguu na mkonga, anatulia, anachimba tena, mpaka maji yaanze kujitokeza chini ya shimo. Anakunywa taratibu, mkonga baada ya mkonga. Wakubwa wanaanza, wadogo wanasubiri, na tembo wakiondoka wanyama wengine wanakuja kutumia shimo lilelile. Safari ya kusubiri pembeni ya mto kwa saa mbili, injini imezimwa, inalipa kuliko siku nzima ya kuzunguka. Niongeze kwamba ukavu huu una upande wa huzuni: tangu miaka ya 1990 Mto Ruaha Mkuu wenyewe umekuwa ukikatika kabisa mwishoni mwa kiangazi, kwa sababu maji mengi huchukuliwa huko juu Usangu kwa ajili ya kilimo. Mgeni wa Oktoba anaona wanyama wengi mahali pamoja, na inafaa ajue kwamba wingi huo unatokana pia na shida.

Mpenzi wa ndege yeye afanye kinyume. Ruaha ina zaidi ya aina 500 za ndege, na kuanzia Novemba hadi Aprili huongezeka wale wanaohama kutoka Ulaya na kaskazini mwa Afrika. Avumilie matope tu.

Kitulo inataka mvua. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 2005, ina kilomita za mraba 413 hivi, na ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza nchini iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ina aina zaidi ya 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi. Okidi hizo ndizo zilizosukuma juhudi za kuilinda: viazi vyake vilikuwa vikichimbwa kwa wingi na kusafirishwa kwenda Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda, na uwanda ulikuwa unaelekea kubaki mtupu. Mvua ya kwanza ikishanyesha, maua yanaanza kujitokeza Desemba, yanafikia uzuri wake Januari hadi Machi, na hayadumu yote kwa pamoja; wiki hii uwanda una rangi ya njano, ukirudi baada ya wiki kadhaa ni zambarau na nyeupe. Aprili yanaanza kupungua. Agosti hakuna ua la kusimulia, ingawa mtu anayependa kutembea kwa miguu kwenye nyika iliyo wazi anaweza kuipenda Kitulo ya kiangazi kwa sababu zake.

Kwenda huko wakati wa mvua kunahitaji moyo na gari linalofaa. Njia ya kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba ina kona nyingi kiasi kwamba watu huziita Hamsini na Saba, na zikilowa si za kujaribia gari dogo. Ondoka asubuhi. Desemba na Januari mara nyingi asubuhi kunakuwa kweupe, mawingu yanajikusanya kuanzia saa sita, radi na mvua vinakuja saa nane au saa tisa, kisha jioni kunafunguka. Ukiwa umefika uwandani saa tatu asubuhi, umepata muda mzuri wa saa nne za maua kabla ya kukimbilia gari.

Ukitaka kuona mbali, ukitaka kunywa

Mwezi ambao watu huusahau ni Juni, hasa mwanzo wake. Mvua imekwisha lakini nchi bado ni ya kijani. Maporomoko kama Kaporogwe bado yana maji ya kutosha, na Kiwira inanguruma chini ya Daraja la Mungu. Vumbi limeoshwa, kwa hiyo ukipanda mlima Loleza, ulio juu ya mji wa Mbeya, unaliona bonde la Usangu wazi. Agosti hadi Oktoba hali inageuka: mashamba na nyika huchomwa moto, moshi na vumbi vinajaa hewani, na milima ya mbali inapotea kwenye utusitusi. Mpiga picha wa mandhari asije Septemba.

Ila Septemba hiyohiyo ina zawadi ndogo ambayo wachache huisimulia. Kwenye misitu ya miyombo, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza la mvua, miti iliyoonekana kufa huchipua majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba. Ukipita kati ya Iringa na Mafinga utadhani msitu umechanua maua.

Ziwa Ngozi nalo lina masharti. Ni mwendo wa kupanda ndani ya msitu wa Poroto hadi ukingo wa kreta, na mvua ikinyesha njia inateleza na ukungu unalifunika ziwa lote. Panda kiangazi, tena asubuhi. Vilevile mlima Rungwe. Korongo la Isimila lenye zana za mawe za kale, kimondo cha Mbozi na jumba la makumbusho la Kalenga havichagui sana. Kwa Isimila epuka tu jua la mchana la Oktoba, maana korongoni kivuli ni haba.

Wanaokuja kwa ajili ya ulanzi, pombe ya mianzi, ni lazima waje mvua zikinyesha. Mianzi hugemwa wakati machipukizi yake yanakua, yaani wakati wa mvua. Mgemaji hukata ncha ya chipukizi, akafunga mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, na asubuhi na jioni anarudi kukwangua upya ili utomvu usikauke. Unaokunywa siku hiyohiyo ni mtamu na mpole, mtogwa. Ukilala unakuwa mkali, mkangafu, na huo haufai kwa mtu mwenye safari. Kiangazi kikiingia mianzi inakauka na mbeta zinatundikwa. Uyoga wa porini unaouzwa kando ya barabara Mufindi nao ni wa mwanzo wa mvua.

Kama mwezi umepangiwa na mwajiri

Si kila mtu anachagua. Ukipewa likizo Desemba, kumbuka kwamba kuanzia katikati ya mwezi nusu ya Dar inarudi nyumbani kwa Krismasi, tiketi za mabasi zinaadimika, na kwenye mlima Kitonga magari yanafuatana. Kata tiketi mapema au tafuta behewa la TAZARA. Ukishafika, panda Kitulo kabla ya mwaka kwisha. Januari na Februari, Kitulo na ulanzi. Wiki ya kwanza ya Agosti ni Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale vinajaa na nyumba za wageni Mbeya zinajaa pia. Ni wakati mzuri wa kujifunza mazao ya kanda hii yote kwa siku moja, lakini usifike usiku bila kuwa umeshika chumba. Kisha shuka Ruaha, ambako Agosti wanyama wamekwisha kusogea.

Oktoba, mwenye siku kumi aanze Ruaha, apite Iringa, amalizie Matema.

Machi na Aprili ndiyo miezi migumu. Kaa Iringa mjini, ambako mvua ni chache kuliko kwingine, zunguka Isimila na Kalenga asubuhi, nenda Mufindi ukaone mashamba ya chai yakiwa yamelowa, na Kyela uiweke mpaka Septemba.